Gamba Lisilopakwa Rangi

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wifi yangu mtarajiwa, na kwamba kile kikohozi chako cha msimu wa vumbi kimekuacha upumue. Sisi huku ni wazima. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, na mgongo ni haki ya kila fundi anayeinama mezani kutwa. Baba naye hajambo kwa umri wake. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi, macho hayasomi tena gazeti wala jina kwenye simu, lakini kinywa kizima kabisa. Juzi amemgombeza fundi bomba mpaka yule bwana akafungua upya kazi aliyokuwa ameshaimaliza. Kwa hiyo tulia, hakuna msiba. Nakwambia mapema kwa sababu najua ukiuona mwandiko wangu kwenye bahasha moyo utakulipuka.

Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ningekuwa wewe nisingepokea pia. Tena naona afadhali iwe barua, maana kwenye simu ningeanza kulia, wewe ungesema haya Dada, basi, yaishe, nami ningeshukuru kunyamazishwa. Kwenye karatasi hakuna wa kuninyamazisha. Nakuomba kitu kimoja tu: uisome mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukatamani kuichana. Ichane baada ya hapo.

Kwanza habari ya kadi. Ile kadi ya harusi uliyomtumia Baba ilifika Jumanne ya wiki iliyopita, na mimi ndiye niliyeipokea mlangoni. Nilimwambia imetoka kwako. Aliishika, akaipindua mara mbili, akanirudishia bila kuifungua, akasema irudi ilikotoka. Nikajaribu kumweleza kwamba zimebaki wiki tatu tu, na kwamba mtu haoi kila mwaka. Akanijibu kwamba yeye hana mtoto wa kiume anayeoa, akaongeza sauti ya redio. Sikuirudisha. Iko kwenye mkoba wangu, na kila nikitafuta funguo inanichoma vidole.

Siku mbili baadaye wifi akanipigia. Ana adabu huyo binti, alizunguka sana kabla ya kufika alikokuwa anakwenda. Alinieleza kwamba wazazi wake wamesikia maneno, kwamba wewe ulimwibia baba yako mzazi na ndiyo maana hataki hata kukuona. Baba yake amesema hatakubali binti yake aolewe na mtu ambaye kwao hakuna hata mmoja wa kusimama kumtetea. Aje mtu wa kwenu aseme kwa kinywa chake, la sivyo harusi haipo. Kisha wifi akaniuliza mimi, kwa sauti ndogo, kama ni kweli uliiba. Alisema amekuuliza wewe ukamjibu kwamba umechoka kujitetea. Nikamwambia nitampigia baadaye, nikakata simu, na tangu siku hiyo nawe hupokei simu zangu. Ndiyo mimi huyo, dada yako, ambaye umemwomba siku ya harusi asimame mahali pa Mama.

Basi tuanze na yule nyoka, maana yote yametoka kwake. Siku alipoingia nyumbani wewe ulikuwa bado unatambaa. Baba alikuwa mtunza maabara pale shuleni. Mwaka huo walikuwa wanaondoa vifaa vibovu na vitabu vya zamani vilivyoliwa na mende, na mwalimu wa baiolojia akamwambia achague kitu kimoja kabla havijachomwa. Mwingine angechagua darubini au angalau meza. Baba akarudi na karatasi moja ya kitabu iliyozungushiwa gazeti. Ndani yake kifutu, amejikunja juu ya jiwe, mdomo wazi, na pembeni jino lake la sumu limechorwa peke yake, kubwa kuliko kidole gumba. Chini palikuwa na maneno ya Kilatini ambayo Baba aliyakariri na kumsomea kila mgeni, ingawa hakuna aliyejua kama anayatamka sawasawa. Mistari ilipigwa chapa, lakini rangi ilipakwa kwa mkono, na mtu aliyekufa kabla hata babu yetu hajazaliwa. Mama akasema hawezi kulala nyumba moja na nyoka, awe wa karatasi awe wa nini. Wakanuniana siku tatu. Siku ya nne nyoka akapata fremu na msumari, pale sebuleni juu ya kochi.

Sheria zake unazikumbuka. Kuangalia ruhusa, kugusa marufuku. Ukinyoosha kidole kwenye jiwe au kwenye majani, sawa. Ukinyoosha kwenye mgongo wa nyoka, hata kama kioo kipo katikati, Baba anakuchapa kofi la mkono na kukwambia kwamba kifutu haulizi umri. Mimi mpaka nikiwa na miaka kumi niliamini kwamba ile rangi yenyewe ndiyo sumu. Tuliruhusiwa kumkaribia kwa jambo moja tu, kutafuta gamba. Lile gamba moja karibu na mkunjo wa pili, ambalo mpakaji alilisahau, likabaki jeupe katikati ya wenzake wa kahawia. Baba alikuwa anatuambia kwamba hapo mzee wa watu aliitwa kula, na aliporudi akaanzia pengine. Kila mgeni aliyekaa kwenye lile kochi alipewa dakika moja alitafute, na akishindwa Baba alikuwa na furaha wiki nzima.

Nawe ukubwani ukawa na mzaha wako. Ulikuwa unamgusa Baba bega na kumwambia kwamba huyu nyoka ni pikipiki nzima imening'inia ukutani, siku moja tumpeleke kwa wanunuzi wa vitu vya kale. Baba alikukimbiza na gazeti, tukacheka sote. Mzaha huo ulikuja kukuponza.

Miaka miwili iliyopita, baada ya mvua kupenya kwenye dari, karatasi ilianza kuota madoa ya kahawia pembeni. Baba alisema niyaache, hata yeye ana madoa mikononi na hakuna anayempeleka kwa fundi. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Miaka kumi na nne natengeneza picha na karatasi za watu zilizoharibika, halafu nyumbani kwetu picha inaoza, watu wanionaje? Nikaitoa ukutani kwa mikono yangu, nikaenda nayo karakana. Ilikaa huko wiki mbili. Ilipokuwa tayari nilikwambia nimezidiwa na kazi, nikakuomba uipitie umpelekee Baba. Ukaichukua Jumatano, mvua ikakuzuia, ikalala chumbani kwako mpaka Jumamosi. Zile siku tatu ndizo zilizokufunga.

Jumamosi ile unaijua wewe kuliko mtu mwingine, lakini nivumilie niiandike, maana mpaka leo sijawahi kuisema yote kwa mpangilio. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye meza ya chakula na kikombe changu. Wewe ulipanda juu ya kochi, ukaitundika, ukarudi nyuma ukauliza kama imenyooka. Baba akasogea. Akavaa miwani, akaweka uso karibu na mkunjo wa pili. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha akakuuliza ya kwake iko wapi. Wewe ukacheka. Akauliza tena, na safari hii ndipo ulipoona kwamba hatanii. Akasema hii si yake, hii ni nyingine, imefanana lakini si yake. Akataja pikipiki. Akataja hata ile baiskeli yake uliyoiuza ukiwa na miaka kumi na saba, kosa ambalo ulishaomba radhi mpaka ukachoka. Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye fundi," alisema. "Ilipotoka mkononi mwako, ilikuwa ile?"

"Ilipotoka kwangu ilikuwa ile ile, Baba," nilisema.

Ukala viapo vyote unavyovijua. Ukaniomba niangalie vizuri, nitumie kioo changu cha kukuzia kinachokaa mkobani kila siku. Nikakitoa, nikaangalia muda mrefu, wewe umesimama nyuma yangu nasikia unavyopumua. Nikasema siwezi kuwa na uhakika. Baba akakwambia usikanyage tena pale mpaka umrudishe nyoka wake. Ukatoka. Hukubamiza mlango, na mimi nilitamani ungeubamiza.

Tangu hapo ni miaka miwili. Ulimtumia Baba dawa ya magoti, akanipa mimi nikampe mtu mwingine. Ulimtumia salamu kwa fundi mwenzako wa umeme, akajifanya hakusikia. Kila mwenye kuuliza habari zako nilijibu kwamba hujambo, una kazi nyingi. Na si kwamba nilinyamaza tu, mdogo wangu. Nilichangia. Kuna siku bosi wangu aliniuliza mbona sikutaji tena, nami nikamsimulia hadithi nzima ya picha iliyobadilishwa, nikitikisa kichwa kama mtu aliyesikitishwa na ndugu yake. Nilikuwa na machozi ya kweli wakati nasema hivyo, na hilo ndilo linalonitisha.

Bosi wangu unamfahamu, Bi Rula, yule anayepima mpaka kipande cha mkate kabla hajakikata. Jumapili ya juzi, kabla ya kadi yako kufika, alikuja nyumbani kumjulia Baba hali. Walielewana sana, maana wote wawili ni watu wa kufuata utaratibu. Baba akamwonyesha picha na kumwambia kwamba hiyo si yake, ameiacha ukutani ili imkumbushe asimwamini mtu. Bi Rula akainuka, akaweka uso pale karibu. Alikaa hapo muda mrefu. Jasho lilinitoka mpaka nyuma ya magoti. Kisha akarudi kwenye kochi, akamalizia chai yake, akamtakia Baba afya njema, nami nikamsindikiza mpaka getini nikiomba Mungu asiseme kitu.

"Ile kahawia ni ya sanduku letu," aliniambia.

Hakuinua sauti. Aliniambia kwamba ile rangi anaichanganya mwenyewe, haipatikani dukani, na anaitambua popote ilipo. Akaniambia kwamba anakumbuka wiki aliyosafiri kumuuguza dada yake na kuniachia mimi funguo za karakana. Akaongeza kwamba yeye hatamwambia Baba lolote, kwa sababu kinywa kinachotakiwa si chake. Akaniuliza tu kama mdogo wangu amesharudi nyumbani. Nikasema bado. Akaondoka, na kesho yake kazini akanigawia kazi kama kawaida, ila hakunitazama usoni, na mpaka leo hanitazami.

Nimejaribu kutafuta njia ya kulisema jambo hili vizuri na sijaipata, basi naliweka kama lilivyo. Hakuna aliyebadilisha picha. Iliyoko ukutani ni ile ile ya Baba, karatasi ile ile, mistari ile ile. Kilichobadilika ni rangi ya nyoka. Ya zamani niliitoa mimi, na hii mpya niliipaka mimi. Wewe ulibeba kifurushi kilichofungwa, ukakifikisha salama, na umeadhibiwa miaka miwili kwa kosa langu.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Kwenye kazi yetu kuna sheria ambayo mwanafunzi anafundishwa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi. Karatasi iliyopakwa rangi haiingii majini kuoshwa madoa mpaka kila rangi iliyomo imejaribiwa. Unaweka tone moja la maji, unahesabu mpaka sitini, unakandamiza pamba nyeupe. Pamba ikitoka safi, endelea. Ikitoka na rangi, acha. Tena kila rangi, si moja kwa niaba ya nyingine. Nimewafundisha watu wengi sheria hiyo, na kuna mmoja nilimfukuza karakana kwa kuiruka.

Siku hiyo niliitoa picha kwenye kioo chake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwona yule nyoka bila kioo. Nikaweka tone kwenye jiwe, nikahesabu, pamba ikatoka safi. Nikaweka kwenye majani, safi. Nikasogeza mkono kwenye mgongo wa nyoka, na mkono ukagoma. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, nimevaa koti langu la kazi, peke yangu chumbani, naogopa kofi la Baba. Nilijicheka. Nikajiambia kwamba kama jiwe limeshika, nyoka naye ameshika, si mpakaji ni mmoja? Nikaitia picha kwenye beseni. Kwa kazi yetu hilo ni kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki moja hawezi kulifanya, na nililifanya kwa sababu nilikuwa mtoto wa nyumba ile kabla sijawa fundi.

Haikuchukua muda wa kufunga kamba za viatu. Manjano ilitangulia, kahawia ikafuata, zikatoka mgongoni mwake taratibu na kusambaa majini kama chai. Nilipoinua karatasi, jiwe lilikuwa jiwe na majani majani, na juu yake nyoka mweupe, mistari mitupu. Nilikaa sakafuni. Sijui nilikaa muda gani. Niliwaza kumpigia Baba. Niliwaza kukupigia wewe, maana wewe ndiye ungenifanya nicheke. Sikumpigia mtu.

Nikasubiri karatasi ikauke, kisha siku nne mfululizo, saa za mapumziko ya mchana wenzangu wakiwa wametoka kula, nikajifungia na kumpaka upya. Zile alama za mgongoni, macho, hata ule weusi wa ndani ya mdomo. Na niseme ukweli wote: nilimpaka vizuri. Kuna wakati nilisimama nikajisifu, ati hakuna atakayejua. Lile gamba nililijua kuliko jina langu, lakini mkono wangu kwa miaka kumi na nne umekula mshahara kwa kujaza palipo wazi, na ukajaza. Nilipokuja kushtuka, rangi ilikuwa imekauka, na karatasi imeshalainika kiasi kwamba ningeisugua ingetoboka. Nikajipa moyo kwamba macho ya Baba yamechoka, hataona.

Sikuwa nimezidiwa na kazi nilipokuomba uipeleke. Niliogopa kuwa mtu wa kwanza mbele ya Baba atakapoitazama, nikakutanguliza wewe. Nilipanga kwamba akigundua nitasema. Jumamosi ile sentensi ilikuwa tayari mdomoni, nimeirudia njia nzima. Ila alipogundua alikutazama wewe. Haikumjia hata kidogo kwamba anaweza kuwa binti yake fundi. Nikaona mlango umefunguliwa, nikapita. Na uliponiomba niangalie kwa kioo cha kukuzia, mdogo wangu, nilikuwa naangalia brashi yangu mwenyewe. Niliuona kila mvuto wa mkono wangu, wazi kabisa, na wewe nyuma yangu unasubiri nikuokoe. Nikasema siwezi kuwa na uhakika. Nimetafuta neno baya la kutosha la kumwita mtu wa namna hiyo, sijalipata. Naona aibu. Naona aibu nikila, naona aibu watu wakinisifu kazi, naona aibu hata kukuita mdogo wangu kwenye karatasi hii, na bado naandika kwa sababu sina jina lingine la kukuita.

Nimemwambia Baba. Sikutaka wewe uisome kabla yeye hajasikia, nikaonekana ninakunong'oneza pembeni. Ilikuwa Jumapili hii iliyopita, asubuhi, baada ya chai. Nilimwomba azime redio, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikasema yote kuanzia tone la kwanza. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza picha ilikaa majini dakika ngapi. Nikamwambia. Akaniuliza niliichanganyaje ile kahawia. Nikamwambia hilo pia. Ni kama tulikuwa maabara na yeye anajaza daftari lake. Kisha nikasubiri anifukuze, nilikuwa nimeshafunga hata begi.

"Siku ile alicheka," Baba akasema. "Alikuwa anacheka nini?"

Nikamwambia ulidhani anakutania, kama alivyokuwa akiwatania wageni kuhusu lile gamba. Akalirudia hilo, anakutania, kama mtu anayejaribu kulisikia vizuri. Akasema yeye alidhani unamcheka uzee wake. Miaka miwili, mdogo wangu, si picha iliyokuwa imemkaa moyoni, ni kile kicheko. Halafu akafunika uso kwa mikono. Nimewahi kumwona Baba akilia siku tuliyomzika Mama tu, na hii ikawa ya pili. Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, niache kuchafua nguo. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Tangu siku hiyo anaongea nami yale ya lazima tu, dawa iko wapi, mlango umefungwa. Chai anajimiminia mwenyewe, anamwaga nusu mezani, na nikisogea kumsaidia ananionyesha mkono nisimame. Nimeelewa.

Jana asubuhi nilimpigia wifi nikamjibu swali lake. Nilimwambia hukuiba, na nikamwambia ni nani aliyeharibu na ni nani aliyedanganya. Akaniuliza kama ninaweza kuyasema hayo hayo mbele ya baba yake. Nimesema ndiyo. Ninaenda kwao Alhamisi, na Bi Rula, nilipomwomba ruhusa kazini, aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia, akanipa siku mbili badala ya moja. Barua hii nayo mwonyeshe yeyote unayetaka. Nimetia sahihi ile ninayotia kwenye kazi zangu, ili asitokee wa kusema imeandikwa na mtu mwingine.

Kuhusu lile ombi lako, la mimi kusimama mahali pa Mama, nakurudishia mwenyewe ili usipate taabu ya kuninyang'anya. Mwombe shangazi. Atavaa kilemba kikubwa kupita kiasi na ataongea sana, lakini hajawahi kukusingizia kitu.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Ni mapema mno, na ningekuwa nakutwisha mzigo mwingine. Nilitaka tu ujue kwamba hukukosea chochote, na kwamba kuna mtu aliyelijua hilo tangu siku ya kwanza.

Baba ameniita sasa hivi, nikiwa nafunga barua. Anajua nakuandikia. Nikamfungulia kadi yako na kumsomea siku na saa. Akanituma nikuandikie maneno yake, nisiongeze wala nisipunguze, nami nayaweka hivi: "Muulize kama bado ana nafasi ya mtu mmoja." Nilishika kalamu nikisubiri, nikidhani ataongeza neno. Hakuongeza. Amesema mmoja.

Nisalimie wifi, umwambie nimeshukuru kwa kuniuliza. Wasalimie mafundi wenzako, ujichunge na nyaya na ngazi zako, na kikohozi usikifanyie mzaha. Jibu lako mpe Baba mwenyewe, usinipe mimi. Tangu Jumapili simu haimtoki mfuko wa shati, na kwa kuwa haoni jina la anayepiga, kila ikilia anauliza kwanza kama ni wewe.

Ni mimi,
dada yako.